Nani Yuko Katikati?

Sentensi yenyewe ilikuwa fupi. Nilikuwa natafsiri makala za siasa kutoka Kiingereza, na mwandishi alikuwa akiwalalamikia wanasiasa wanaojijengea majina juu ya hofu za wapiga kura. Kitenzi alichotumia ni pander. Nikakiangalia, nikakiona chepesi, nikaandika "wanaowafurahisha wapiga kura", nikafungua ukurasa unaofuata.

Mswada uliporudi kutoka kwa mhariri, neno hilo lilikuwa limezungushiwa penseli. Pembeni yake, kwa ule mwandiko wake mdogo uliolalia kulia, aliandika: "Nani yuko katikati?"

Nikampigia simu.

"Mwalimu, swali lako sijalielewa."

"Binti yangu, kufurahisha ni kazi ya watu wawili. Mimi nakufurahisha wewe, basi. Neno la huyu bwana lina watu watatu ndani yake. Mtafute wa tatu, kitenzi kitakuja chenyewe."

Hakuwa mtu wa maneno mengi, akakata simu kabla sijauliza la ziada. Nilikaa na lile duara la penseli kwa siku kadhaa. Nayaandika haya kwa sababu utafutaji ule ulianzia kwenye kamusi ukaishia nyumbani kwetu, na sidhani kama ningeyaona ya nyumbani bila kwanza kuyaona ya watu wa mbali.

Pander limetokana na jina la mtu. Anaitwa Pandarus, na anapotokea kwenye Iliadi, utenzi wa kale wa Mgiriki Homer juu ya vita vya Wagiriki na mji wa Troy, hana uhusiano wowote na mapenzi. Ni mpiga upinde, mwana wa Lycaon, amekuja kupigana upande wa Troy. Katika kitabu cha 4 majeshi mawili yamesimamisha vita na kula kiapo. Athena, mungu wa kike aliye upande wa Wagiriki, anajigeuza umbo la mpiganaji wa Troy, anamfuata Pandarus na kumwambia: mpige mshale Menelaus, yule mfalme wa Kigiriki, watu wa Troy wote watakushukuru, na Paris, mwana wa mfalme wetu, atakupa zawadi nono kuliko wote. Pandarus anakubali. Anatoa upinde wake uliotengenezwa kwa pembe za mbuzi mwitu, anaachia mshale. Na Athena yuleyule aliyemchochea anaukengeusha mshale usiingie mwilini, kama mama anavyomfukuzia nzi mtoto aliyelala usingizi mtamu. Mshale unagonga mkanda wa Menelaus. Damu inatoka, hafi, lakini kiapo kimeshavunjika na vita vinarudi.

Nilisimama muda mrefu kwenye hiyo picha ya mama na nzi. Sikutegemea kukuta mkono wa upole namna ile katikati ya hila.

Kuna habari nyingine ya Pandarus, katika kitabu cha 5, ambayo huwa haitajwi panapoelezwa asili ya neno lake, nami naiona ndiyo inayomfichua zaidi. Yuko vitani kwa miguu, analalamika kwamba hana gari la farasi. Anasema nyumbani kwa baba yake kuna magari 11 mapya, kila moja na farasi wake wawili. Baba yake, mzee aliyeijua vita, alimsihi aje nayo. Yeye akakataa. Aliwaonea huruma farasi: wamezoea kula wakashiba, na kwenye mji uliojaa watu waliozingirwa wangekosa malisho. Kwa hiyo akawaacha, akaja na upinde tu. Muda si mrefu mkuki wa Diomedes, shujaa wa Wagiriki, unampata usoni, karibu na jicho, unapita kwenye meno na kuukata ulimi kutoka shinani. Farasi wako nyumbani, wameshiba.

Mpaka hapo jina halijawa neno. Kazi hiyo waliifanya watunzi wa baadaye sana. Katika karne ya 12 Mfaransa Benoît de Sainte-Maure alitunga utenzi mrefu wa vita vya Troy, akaingiza ndani yake mapenzi ya Troilus, mwana wa mfalme, ambaye Homer alimtaja tu kama mmoja wa waliokwisha kufa. Katika miaka ya 1330 hivi Boccaccio, Mwitalia, akaichukua hadithi hiyo na kumpa Troilus rafiki wa kumtafutia njia kwa mwanamke anayempenda. Jina la rafiki akalitoa kwenye vita vya zamani: Pandaro, binamu wa huyo mwanamke. Kisha Chaucer, kule Uingereza, katika miaka ya 1380, akamwandika upya kwa Kiingereza na kumfanya mjomba. Badiliko hilo la ukoo ni zito. Binamu kijana akibeba salamu za mapenzi, unaweza kusema ni utani wa vijana. Mjomba ni mlinzi.

Na Chaucer hamfanyi mjomba huyu kuwa mtu mwovu. Ni mchangamfu, ana maneno, hawezi kumwona rafiki yake anakonda kwa mapenzi akakaa kimya. Anapeleka barua. Criseyde, ndiye yule mwanamke anayependwa, anakataa kuipokea, basi mjomba anamsokomezea kifuani na kumwambia haya, itupe sasa hivi, watu watuone wote wawili. Baadaye anapanga wakutane nyumbani kwake usiku wa mvua kubwa ambao mgeni hawezi kuondoka. Na kabla ya usiku ule kufika, katika kitabu cha 3, kuna mazungumzo ambayo sikuyategemea. Pandarus mwenyewe anaona alichogeuka kuwa. Anamwambia Troilus, nusu utani nusu kweli, kwamba kwa ajili yako nimekuwa chombo cha kuwafikisha wanawake kwa wanaume. Anaapa kwamba hakufanya kwa tamaa ya mali. Alitaka tu kumwondolea mwenzake mateso.

Troilus anamtuliza: huo si ukuwadi, ni uungwana na urafiki. Halafu, ili kuonyesha shukrani, anamwambia na mimi nitakusaidia hivyohivyo, mchague dada yangu yeyote, hata Helen, shemeji yangu.

Hapo niliweka kalamu chini.

Nina mdogo wangu wa kiume, mziwanda wetu. Mimi ni wa kwanza, na kati yetu kuna miaka kumi na mmoja, kwa hiyo nimembeba mgongoni kabla sijambeba kwa namna nyingine. Baba yetu ni mtu wa neno moja. Tangu mdogo wangu yuko shuleni, kila alichokitaka kwa baba kilipitia kwangu. "Dada, mwambie baba." Dada, mwambie baba nimepoteza viatu. Dada, mwambie baba karatasi ya matokeo haijatoka. Ya viatu ilikuwa kweli. Ya karatasi niliijua kuwa si kweli, na niliisema hivyohivyo, nimesimama mlangoni mwa chumba cha baba na uso mkavu. Siku hiyo baba alinitazama kidogo, akasema, "Sawa, kama umesema wewe."

Kama umesema wewe. Nilitembea na sentensi hiyo miaka mingi nikidhani ni sifa.

Alipokuwa mtu mzima akaanza kubeti. Mwanzoni ilikuwa jambo la kuchekea, baadaye likawa halichekeshi. Madeni yake yalikuja kwangu kama zilivyokuja zile habari za viatu: kwa sauti ya chini, na neno "mwisho" ndani yake. Nikilipa. Kwa baba nikisema biashara yake bado changa. Kwa mama nikisema ana mawazo tu, mwacheni. Na kwake yeye nikisema baba ameanza kulainika, jambo ambalo halikuwa kweli hata chembe. Nilikuwa nachukua maneno ya kila upande, nayalainisha, nayapeleka upande mwingine.

Sikuwa nafaidika na senti moja, na hilo ndilo lililonizuia kuona. Nilijua watu wanaotumia ndugu zao, na mimi sikuwa mmoja wao. Lakini niliposoma jinsi Pandarus anavyoapa kwamba hakufanya kwa tamaa, nikajiuliza nilikuwa napata nini. Nilikuwa napata jambo kubwa kuliko fedha. Kila mtu nyumbani alinipigia simu kwanza. Baba alijua habari za mwanawe kupitia kwangu, mama alilala au hakulala kwa maneno yangu, na mdogo wangu hakuwa na mlango mwingine. Ningeondoka pale katikati, ningekuwa nani?

Nirudi kwenye neno, maana kazi ilikuwa bado mezani.

Shakespeare alilichukua jambo hili kwenye tamthilia aliyoiandika mnamo 1602 na iliyochapwa 1609. Humo Pandarus anawaunganisha wapenzi mikono na kuapa: mkija kuwa waongo ninyi kwa ninyi, basi wapatanishi wote wa aina yangu waitwe kwa jina langu hadi mwisho wa dunia. Watazamaji walijua kwamba tayari wanaitwa hivyo, kwa sababu wakati ule jina lilishakuwa neno la kawaida la Kiingereza. Ndiyo uchungu wa kiapo chenyewe: mtu anatabiri aibu yake mbele ya watu ambao kinywani mwao tayari ni msamiati. Baada ya hapo neno likapanuka. Likaacha kudai kuwepo kwa mwanamume na mwanamke. Sasa mtu anaweza kuutumikia upumbavu wa hadhira, hasira ya umati, majivuno ya bosi. Umbo ni lilelile: kuna mwenye tamaa, kuna kinachotamaniwa, na kuna anayesimama kati akisafisha njia.

Kwa hiyo nilidhani nimemaliza, kwa kuwa Kiswahili kina kuwadi. Nilifurahi sana kugundua ukoo wake. Tumelipata kutoka Kiarabu, qawwad, kutokana na kitenzi chenye maana ya kuongoza, kumshika mtu ukampeleka. Neno hilohilo la Kiarabu lilivuka kwenda Hispania, likanasa pamoja na kitangulizi chake al-, likawa alcahuete, na maana yake huko ni hiyohiyo. Maneno mawili ya baba mmoja, moja pwani ya Afrika Mashariki, jingine upande wa pili wa Mediterania, hayajawahi kukutana. Na kwetu pia limepanuka lilivyopanuka la Waingereza. Mwaka 2002 Profesa Chachage alitoa riwaya aliyoiita Makuadi wa Soko Huria, na hakuna msomaji aliyehitaji kuelezwa kwamba kuwadi wa humo habebi barua za mapenzi.

Nikaandika "makuwadi wa hofu za wapiga kura", nikampelekea mhariri kwa majigambo kidogo.

Akanipigia yeye safari hii.

"Umemwona mtu wa tatu. Vizuri. Ila umemvika hukumu kabla hajafika mahakamani. Kuwadi anajua kwamba ni kuwadi. Huyu mwanasiasa wa mwandishi wetu, yeye anadhani anafanya nini?"

Nikafikiri. "Anadhani anawasikiliza wananchi."

"Sasa mtu anayetimiza tamaa ya mwenzake huku anadhani anamtendea wema, mama yako humwambia anafanya nini?"

Jibu lilinitoka kabla sijalifikiria, kwa sauti ya mama kabisa: "Anamwendekeza."

"Basi," akasema.

Nimelitumia neno hili tangu utotoni na sikuwahi kulifungua ndani. Jioni ile nikalifungua kwenye karatasi. Mzizi ni enda. Ongeza kiambishi cha kuwezekana, unapata endeka: njia hii inaendeka, yaani inapitika. Ongeza kiambishi cha kusababisha, unapata endekeza. Nililitazama kwa mshangao. Kumwendekeza mtu, ukilifuata neno hatua kwa hatua, ni kumfanyia njia ipitike. Unaondoa mawe. Unafyeka majani. Yeye anakwenda tu. Ndugu zake wa umbo ni wengi: penda, pendeka, pendekeza, na ukijielekezea mwenyewe, kujipendekeza. Lugha yetu ina hazina kubwa hapa, na ukiisikiliza unaona imepanga ngazi. Kudekeza kuna utamu ndani yake, mtoto hudeka kwa anayempenda. Kubembeleza ni kumtuliza mtu aliyeumia. Kumvika mtu kilemba cha ukoka ni kumsifu kwa uongo, na kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa ni kumlaghai kwa maneno mazuri, na mwenye kufanya hayo anajua anachofanya. Kuendekeza kuko mahali pake pa peke yake, kwa sababu mtu anaweza kuendekeza kwa moyo safi kabisa.

Jambo jingine nililiona kwa kujaribu sentensi. Unaweza kuendekeza uvivu, njaa, usingizi, hasira, ugomvi. Jaribu kusema "anaendekeza kiu yake ya elimu." Sikio linakataa. "Anaendekeza uaminifu." Linakataa. Neno lenyewe linajua kinachoitwa udhaifu na halikubali kushikamana na kitu kingine. Ndiyo maana kwenye ile sentensi ya siasa lilikaa kama ufunguo kwenye kitasa chake: wanasiasa wanaoendekeza hofu za wapiga kura. Hofu ndiyo inayofyekewa njia. Mpiga kura mwenyewe hajasaidiwa popote.

Nyumbani kwetu methali mbili zilikuwa zinapigana juu ya vichwa vyetu. Mama alikuwa na yake: mtoto akililia wembe, mpe. Baba alikuwa na yake: mchelea mwana kulia, hulia yeye. Mimi nilikuwa upande wa mama, nikimwona baba ana moyo wa jiwe. Nimeelewa nikiwa mtu mzima kwamba methali ya mama ni kali kuliko ya baba. Anayempa mtoto wembe anamwachia akutane nao. Hakai katikati kumfutia damu na kumwambia baba hakuna kilichotokea. Mimi sikuwa nafuata ya mama wala ya baba. Nilikuwa naukunja wembe kwenye kitambaa, kila mara, ili mtoto aushike na asikatike.

Karatasi ile ilikuwa bado mbele yangu, enda, endeka, endekeza, mistari mitatu, simu ikawaka. Saa nane usiku. Ujumbe wa maneno mawili: "Dada umelala?"

Anayenifahamu anajua kwamba swali hilo halikuwa la usingizi. Nilijua linalofuata, nilijua hata kituo cha kupumzikia kitakuwa wapi. Likaja. Kuna watu anawadai, bado hawajamlipa, na kuna watu wanamdai, nao hawasubiri. Hii ni ya mwisho kweli. Na tafadhali, baba asijue.

Niliandika jibu nikalifuta. Nikaandika jingine refu, lenye lawama za miaka tisa, nikalifuta hilo pia, kwa sababu lilikuwa la hasira na hasira yangu ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe. Mwishowe nikaandika: "Sijalala. Sitatuma. Kesho kutwa naenda kwa baba, njoo umwambie mwenyewe. Nitakuwepo, lakini sitasema neno."

Akanipigia. Sikuwahi kumsikia analia tangu alipokuwa na miaka sita. Alisema nimebadilika, alisema nimemtupa, na lililoniuma kuliko yote, alisema, "Wewe ndiye uliyekuwa unaniambia baba ameanza kunielewa." Sikuwa na utetezi. Nikamwambia, "Nilikudanganya, mdogo wangu. Naye nimemdanganya kuhusu wewe. Ninyi wawili hamjazungumza tangu uko shule ya msingi. Mmekuwa mnazungumza na mimi."

Alinyamaza muda mrefu, akakata.

Kesho kutwa hakuja. Nilikaa kwa wazazi mpaka giza likaingia, baba akaniuliza mara mbili, "Mdogo wako hajambo?" Mara ya kwanza ulimi ulianza wenyewe, yuko salama, kazi tu zimembana. Nikauzuia. Nikasema, "Atakuambia yeye, baba." Baba akanitazama vilevile alivyonitazama siku ya ile karatasi ya matokeo, ila safari hii hakusema kitu.

Siku ya nne baadaye mama akanipigia asubuhi: yupo, ameshuka sasa hivi, anataka kuongea na baba yake. Nikaenda. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha mbele, mikono katikati ya magoti, amekonda. Akainuka, akanisalimia bila kunitazama, akaingia chumbani kwa baba. Mlango ukafungwa.

Nikakaa kwenye korido, kwenye kile kigoda kifupi cha mama. Kwanza hakukuwa na sauti. Halafu ya mdogo wangu, chini sana, kwa vipande. Halafu ya baba, imepanda, neno moja, ikakatika. Miguu yangu ilikuwa imeshasimama kabla sijaamua, na mkono umefika kwenye kitasa. Nilikuwa nayajua maneno yote ya kwenda kusema mle ndani, ya kumpoza huyu na ya kumtetea yule. Mama alikuwa amesimama upande wa pili wa korido, ananitazama.

Nikarudi kukaa. Sauti ya baba ilianza tena, safari hii taratibu, na ya mdogo wangu ikamjibu.